Mizani ya Shambulio la Taranto katika Mchezo wa Vita

Mchezo wa vita, yaani mchezo ambamo wapinzani wawili huongoza majeshi juu ya ramani kwa vibao, dadu na kanuni zilizoandikwa, hudai kwamba kila upande uwe na nafasi ya kweli ya kushinda, ilhali mashambulizi ya ndege dhidi ya meli zilizotia nanga mara nyingi yalielemea upande mmoja. Ugumu huo unaonekana wazi katika shambulio la Waingereza dhidi ya bandari ya Taranto, kusini mwa Italia, usiku wa kuamkia tarehe 12 Novemba 1940. Ndege 21 za Swordfish, zilizokwenda polepole na kuhesabiwa kuwa zimepitwa na wakati, ziliruka kutoka Illustrious, manowari ya kubebea ndege, katika makundi mawili ya 12 na 9. Kati yake 11 tu zilibeba topido, yaani kombora linalosafiri chini ya maji, na zilizobaki zilichukua mabomu na mianga ya kumulika shabaha. Manowari tatu kubwa za Italia ziligongwa, na mojawapo, Conte di Cavour, haikurudi tena vitani, huku Waingereza wakipoteza ndege 2.

Mbunifu anayetafuta usawa kwa kuongeza mizinga ya Italia huliharibu tukio lenyewe, kwa sababu mizinga haikuwa imekosekana bandarini. Kilichokosekana ni rada, pamoja na nyavu za chuma za kuzuia topido, ambazo takribani meta 4,200 tu zilikuwa zimetandazwa kati ya 12,800 zilizohitajika. Tena maputo yaliyofungwa kwa nyaya ili kuzuia ndege zinazoruka chini yalikuwa yamepungua sana baada ya dhoruba. Usawa wa haki, basi, hupatikana katika yale ambayo kila mchezaji hayajui: Mwitalia apange kwa siri nyavu na maputo machache aliyonayo, na Mwingereza, kabla ya kuyaona, aandike njia ya kila ndege na silaha itakayobeba, akijua kwamba topido iliyoangushwa kutoka juu mno huweza kujichimbia kwenye sakafu ya bandari hiyo yenye kina kifupi.

Swali zito zaidi ni kipimo cha ushindi. Ni rahisi kuamua kwamba manowari tatu zikigongwa matokeo ni sare, lakini uamuzi huo huchukulia kwamba yaliyotokea ndiyo yaliyotarajiwa kutokea, na huenda usiku ule bahati iliwapendelea washambuliaji. Kwa sababu hiyo pambano hujaribiwa mara nyingi kabla ya kuchapishwa, wachezaji wale wale wakibadilishana pande, na inapodhihirika kwamba upande mmoja hushinda karibu kila mara, kinachorekebishwa ni alama zinazohitajika ili kushinda, wala si idadi ya ndege au ya mizinga.