Neno "Low" la Kiingereza: Umbo Moja, Nasaba Tatu

Neno *low* la Kiingereza, ambalo mwanafunzi hufundishwa mapema kuwa maana yake ni "-a chini", linadhihirisha hali mbili za lugha ambazo mara nyingi huchanganywa: polisemia, yaani neno moja kuwa na maana kadhaa zenye uhusiano, na homonimia, yaani maneno yenye asili tofauti kufanana kwa matamshi na tahajia.

Neno hilo la uchini lilitokana na *lágr* ya Kinorse cha Kale, lugha ya walowezi wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9, na lina undugu na kitenzi cha kulala. Kutokana na asili hiyo zimechipuka maana nyingi: ukuta mfupi, sauti nzito, bei nafuu, moyo ulionyong'onyea, tabia duni na, kwa watabiri wa hali ya hewa, eneo lenye kanieneo ndogo ya hewa. Hata hivyo, maana moja isipachikwe mahali pa nyingine, kwa kuwa Kijerumani cha Chini kiliitwa hivyo kutokana na nyanda za chini za kaskazini kinakozungumzwa, wala si kwa sababu wasemaji wake ni watu duni.

Nasaba ya pili ni ya *low* inayotaja mlio wa ng'ombe, iliyotokana na *hlōwan* ya Kiingereza cha Kale. Ya tatu ni *hlāw*, yaani kilima au tuta la kaburi, ambayo imesalia katika majina ya mahali kama Taplow, Buckinghamshire, lenye maana ya tuta la mtu aitwaye Tæppa. Tuta hilo lilipofukuliwa mwaka 1883, lilikutwa na kaburi la Kianglosaksoni lenye bizimu ya dhahabu na pembe za kunywea, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kwa hiyo, silabi inayodhaniwa kutaja uchini hapo inataja mwinuko.

Kamusi nzuri huyapa maneno ya namna hii vidahizo tofauti, kama vile kaa la moto linavyotenganishwa na kaa wa baharini, ilhali maana zenye uhusiano huorodheshwa kwa namba chini ya kidahizo kimoja. Walimu na wafasiri hawana budi kuzisoma namba hizo zote, kwani anayeridhika na maana ya kwanza hufasiri umbo la neno na kuiacha maana yake.