Simu Imetetema, Lakini Je, Pesa Imeingia?

Uko soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Kelele ni nyingi, kwa hivyo umeweka simu kwenye mfuko wa aproni ili uisikie ikitetema. Mteja anainua mkungu wa ndizi na kusema, "Mama, nishatuma, angalia simu." Kweli, simu inatetema. Je, umelipwa?

Hebu tuone kwanza ni nini kinachoitikisa. Ndani ya simu nyingi kuna mota ndogo yenye kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Umeme wa betri ukipita, mota inazunguka, na ule uzito unaivuta simu huku na huku. Mota ikizunguka mara 150 kwa sekunde, simu inatetema mara 150.

Spika nayo ina koili ya waya iliyoshikana na kiwambo chembamba, karibu na sumaku. Umeme ukigeuza mwelekeo, koili inasukumwa mbele, kisha inavutwa nyuma. Ikienda na kurudi mara 100 kwa sekunde, utasikia sauti nzito. Mara 2,000, sauti inakuwa nyembamba. Ni kama obokano yenye nyuzi nane: uzi unaotetema pole pole ndio wenye sauti nzito. Tofauti ni kwamba obokano hupigwa kwa vidole, spika hupigwa na umeme.

Sasa shida iko hapa: mota haijui kusoma. Ujumbe wowote ukifika, simu inaruhusu umeme upite. Ujumbe wa malipo na ule uliotungwa na tapeli hutetema sawa tu.

Kwa hivyo, kabla hujaachilia mzigo:

1. Angalia jina la mtumaji. Ujumbe wa malipo hautoki kwa namba ya mtu binafsi.
2. Fungua menyu wewe mwenyewe uangalie salio. Kama halijaongezeka, bado hujalipwa.
3. Mtu akikupigia eti "nimekutumia kimakosa, nirudishie", usitume chochote. Mwambie apigie huduma kwa wateja.
4. Usimpe mtu PIN yako, hata akisema anatoka kwetu.

Mteja mwaminifu hawezi kukasirika akingoja dakika moja. Anayekuharakisha ndiye wa kuangalia mara mbili.