Usigeuke Kabla Matriksi Haijakujibu

Tuseme una ukumbi wa kuonyesha mpira hapa Takaba: ving'amuzi viwili, televisheni nne. Jumamosi jioni waliokaa mlangoni wanataka Arsenal, wa ndani wanataka Manchester United. Ukianza kuchomoa nyaya na kuzichomeka upya, bao litafungwa ukiwa umeinama nyuma ya meza.

Kazi hiyo iachie matriksi ya video. Ni kisanduku chenye milango ya kuingizia picha na milango ya kuitolea, nacho huunganisha mlango wowote na wowote, hata mmoja na yote. Kina vitufe mbele, lakini utamu uko nyuma, kwenye tundu la RS-232, kiwango cha mawasiliano kilichoanza Marekani mwaka 1960. Chomeka waya kutoka kwenye kompyuta, kisha kiamuru kwa maandishi.

Amri zenyewe ni fupi kuliko SMS. Kwenye matriksi za Extron, “1*3!” hupeleka picha na sauti za mlango wa 1 kwenye televisheni ya 3. “1*3%” hupeleka picha tu, “1*3$” sauti tu. “2*!” hujaza mlango wa 2 kwenye televisheni zote. Kampuni nyingine zina lugha zao, basi soma kitabu cha mashine yako. Kwa kasi ya kawaida ya biti 9600 kwa sekunde, amri ya herufi nne hufika kwa takriban sehemu nne kati ya elfu moja za sekunde.

Wengi huishia hapo, wakasahau nusu ya pili: jibu. Ukilipa kwa M-Pesa, hutoki dukani kabla ujumbe wa kuthibitisha haujaingia. Matriksi nayo hurudisha “Out3 In1 All”, yaani imefanya. Ikisema “E01”, umetaja mlango wa kuingizia ambao haina. Ikirudisha herufi za ajabu, kasi yako na yake hazilingani. Ikinyamaza kabisa, anza na waya: pini inayosema upande wa kompyuta lazima ikutane na inayosikia upande wa mashine. Lakini jibu zuri halithibitishi kwamba televisheni imewashwa. Hilo ni la macho yako.

Mpangilio ukikupendeza, uhifadhi ili usiuandike upya kila Jumamosi. “1,” huuweka kwenye kumbukumbu ya kwanza, “1.” huurudisha. Tazama vizuri: kinachotofautisha kuhifadhi na kurudisha ni mkato na nukta tu. Kidole kikiteleza kwenye mkato, mpangilio wa zamani umefutwa na ulioko sasa umekaa mahali pake. Ukumbi utaendelea kushangilia, na hakuna atakayeona kosa hadi Jumamosi ijayo. Mashine ndiyo itakayokuambia papo hapo: “Rpr01” ni kurudisha, “Spr01” ni kuhifadhi. Herufi moja tu, ukiwa na subira ya kuisoma.