Jipu Lisilo na Moto

Je, wajua kwamba yako majipu yasiyochoma? Mnamo mwaka 1966 matabibu watatu wa Marekani, Davis, Schaller na Wedgwood, walieleza katika jarida la Lancet habari za wasichana wawili ambao tangu utotoni mwao walikuwa wakiandamwa na majipu makubwa, yaliyojaa usaha, lakini yasiyo na joto, wala wekundu, wala maumivu makali yaliyo ada ya jipu. Nao wakayaita maradhi hayo kwa jina la Nabii Ayubu, ambaye mitihani ya mwili wake ni mashuhuri.

Joto la jipu, ingawa hutuudhi, ni alama ya auni iliyokwisha kufika. Bakteria aitwaye stafilokokasi anapopenya ngozini, chembe fulani nyeupe za damu hutoa kemikali ambayo, kama mbiu ya mgambo, huiamsha ngozi iite chembe nyingine zije kwa wingi kumla adui. Kwa watoto wenye maradhi haya mbiu hiyo hailii. Mwaka 2007 wataalamu walibaini sababu yake, nayo ni hitilafu katika jeni iitwayo STAT3, ambayo pasipo uzima wake chembe zile zenye kutoa wito haziumbiki kwa kadiri ya haja.

Wala madhara hayakomei ngozini. Nimonia huwarudia na kuacha mashimo mapafuni, mifupa huvunjika kwa kishindo kidogo, na, jambo ambalo mimi naliona la ajabu kupita yote, meno ya utotoni hukataa kung'oka hata ya ukubwani yakamea kando yake.

Ni dhuluma, basi, kumshutumu mama kuwa hamwogeshi mwanawe, ilhali hitilafu hii ama hurithiwa kwa mzazi mmoja, ama huzuka upya kwa mtoto mwenyewe pasipo kosa la mtu. Matabibu huwapa watoto hawa antibiotiki kila siku, mathalan kotrimoksazoli, kabla maradhi hayajaingia, na majipu huyapasua yakatoa usaha. Katika nchi zetu majipu ya watoto ni mengi na aghalabu sababu zake ni nyepesi. Lakini mtoto aliyeota vipele usoni tangu majuma ya kwanza ya uhai wake, ambaye majipu na nimonia humrudia kila mara, astahili kupelekwa kwa tabibu bingwa apimwe damu, hata kama jipu lenyewe halimlizi.