Zilizopendwa Kusafishwa Upya: Elimu ya Kanda, Santuri na Sindano

Kona Baridi ni mahali ambapo barabara ya Magadi, baada ya kuiacha Kiserian na kuuzunguka mgongo wa kusini wa milima ya Ngong, hugeuka na kuanza kushuka kuelekea Bonde la Ufa, na upepo utokao bondeni hupiga hapo kwa nguvu zinazolithibitisha jina la mahali penyewe. Katika hoteli za nyama choma zilizo kando ya barabara hiyo, aghalabu siku za mwisho wa juma, husikika muziki ambao watu wa Kenya na Tanzania huuita zilizopendwa: magitaa ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walioiunda Simba Wanyika mwaka 1971, sauti ya John Ngereza wa Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na rumba ya Wakongo waliofanya makao Nairobi, kama Super Mazembe na Les Mangelepa. Wako hapo, na wako Kitengela na Kajiado mjini, wazee kwa vijana, ambao shauku yao haitoshelezwi na nakala ya nakala iliyopitishwa kutoka simu hii hadi simu ile. Wao hungoja matoleo yaliyosafishwa upya, na kila toleo linapovumishwa huulizana iwapo safari hii watasikia kilichopigwa siku ile studioni, ama watauziwa tena mikwaruzo ya kale ndani ya jalada jipya.

Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu lake limo katika fizikia na kemia zaidi kuliko katika matangazo ya wafanyabiashara.

Kungoja kwao hakujakosa thawabu. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi kati yake zikiwa hazijapata kutoka isipokuwa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na juzuu ya pili ikafuata mwaka 2016. Mwaka huohuo wa 2016 wapenzi wa roki ya Kiafrika walipata jambo walilokuwa wamelitamani kwa muda mrefu: Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya gitaa la roki na midundo ya kwetu, na ambayo albamu yake Ave Africa ya mwaka 1976 ilikuwa imekuwa adimu kama lulu, ilitolewa upya na kampuni ya Strut pamoja na rekodi zake nyingine tangu mwaka 1973. Aliyewahi kusikia nakala chakavu za nyimbo hizo, kisha akazisikia katika toleo hilo, hahitaji kubembelezwa ili akiri kwamba kazi ya fundi wa sauti ni kazi adhimu.

Fundi huyo huanza na nini? Huanza na kanda, ikiwa ipo. Kanda ya studio ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe za oksidi ya chuma zilizoshikwa pamoja kwa gundi, nao hupita mbele ya sumaku ya umeme kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde katika studio za muziki, au 19 katika redio nyingi, na kila mtikisiko wa sauti huacha alama yake kwa kuzipanga chembe hizo upande huu au ule. Alama hiyo ya usumaku ni imara kuliko watu wanavyodhani. Yaweza kukaa miaka hamsini bila kufifia sana. Kinachooza ni gundi. Katika kanda nyingi zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, gundi ya poliyurethani hunywa unyevu wa hewa, na molekuli zake ndefu hukatwakatwa na maji hayo hata utepe ukawa wa kunata; ukiuchezesha hupiga kelele kama ya mlango usiotiwa mafuta, na huacha unga wa kahawia kwenye mashine. Unga ule si uchafu. Unga ule ndio muziki wenyewe, na ukishabanduka haurudi.

Dawa iliyovumbuliwa ni ya ajabu kwa urahisi wake: kanda hutiwa katika tanuri la joto dogo lililosimamiwa vizuri, takriban nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi, kwa muda wa saa nane au zaidi, unyevu ukatoka na gundi ikashika tena kwa majuma machache, muda unaotosha kuicheza na kuinakili. Lakini hadhari ni lazima, maana kanda za zamani zaidi, zilizotengenezwa kwa asetati, haziponi kwa joto bali huharibika. Hizo hujulikana kwa harufu ya siki zinapoanza kuoza, na mwenye kuzitia tanurini kwa kutojua atakuwa amezimaliza. Ndiyo maana nasema kwamba saa ya hatari, na saa ya heshima kubwa katika kazi hii yote, ni ile ya kuicheza kanda kuukuu kwa mara moja iliyo bora, vichwa vya mashine vikiwa vimeelekezwa sawasawa na utepe, kwa kuwa kichwa kikipinda hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, sauti nyembamba za matoazi na nyuzi za juu za gitaa hupotea kabla kompyuta haijazipata.

Hapa tabia ya nchi ina hukumu yake. Wahifadhi hupendelea hewa ya baridi na ukavu kwa ajili ya kanda, na mtu akilinganisha nyanda za juu za Kajiado na fukwe za Mombasa au Dar es Salaam, hatakawia kujua ni wapi gundi ile ina maisha marefu. Na bahati mbaya ni kwamba hazina kubwa ya kanda iko pwani. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kanda zake leo ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, ilhali mitambo ya kugonga santuri ilikuwa Nairobi. Na mpaka wa nchi hizi mbili ulipofungwa mwaka 1977, mji wa mpakani wa Namanga ukanyamaza, na njia hiyo ya biashara ikakatika hadi mwaka 1983. Kwa hiyo ziko nyimbo za Dar es Salaam ambazo hazikupata santuri hata moja. Kanda ndiyo nakala na ndiyo asili.

Nairobi hali aghalabu ni kinyume chake: santuri zimebaki kwa maelfu katika nyumba za watu na katika vibanda vya soko la Kenyatta, lakini kanda hazionekani. Fundi basi hana budi kuitegemea santuri, na santuri ina mambo yake.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 huzunguka mara 135 kwa wimbo wa dakika tatu, na sauti yake imechorwa katika mfuo mmoja mrefu ambao upana wake huzidi kidogo tu nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Kwa kuwa besi ingetikisa mfuo huo kwa upana mno hata ukagusa jirani yake, wakataji wa santuri huipunguza besi na kuiongeza sauti nyembamba, kwa kipimo kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954 na kufuatwa ulimwenguni, na mashine ya kusikilizia huirudisha mizani yake. Hilo ni jepesi. Gumu ni hili: mwanzoni mwa wimbo, ukingoni mwa santuri, mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa karibu sentimita 39 kwa sekunde, lakini mwishoni, karibu na karatasi ya katikati, mwendo huo hushuka hadi karibu sentimita 25, na mawimbi yaleyale ya sauti nyembamba hubanwa katika nafasi ndogo kiasi cha sindano kushindwa kuyafuata bila kuyapotosha. Sasa fikiri juu ya rumba ya Nairobi ilivyotungwa. Huanza kwa utaratibu, mwimbaji akaeleza masaibu yake. Kisha mwimbaji hunyamaza, na magitaa hupandishana hadi kilele, na kilele hicho, ambacho ndicho kilichowainua watu vitini, huangukia mahali pabaya kuliko pote katika santuri. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, na magitaa ya upande wa pili, yakichezwa mara nyingi kwa sindano zilizochoka, yalikwanguliwa sana. Mwenye kuziunganisha pande hizo mbili bila mshono kusikika, akasafisha kilele bila kukipunguza moto, ametenda jambo linalostahili taadhima.

Liko jambo moja dogo ambalo binafsi hulistaajabia kuliko yote. Mashine za kale hazikuzunguka daima kwa kasi barabara, na wimbo uliorekodiwa kwa kasi hii ukachezwa kwa kasi ile hupanda au kushuka ufunguo wake. Mwimbaji wa makamo akawa kama kijana, au kijana akawa mzito wa koo. Utajuaje kasi ya kweli ya siku ile? Umeme wa Nairobi, wakati ule na sasa, hutikisika mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake hafifu mara nyingi uliingia katika kanda pamoja na muziki. Fundi akiutafuta mvumo huo, akautenga na ule wa mashine yake mwenyewe, akaukuta kwenye mitikisiko 51 badala ya 50, atajua kwamba wimbo unakwenda mbio kwa asilimia 2, ambayo ni theluthi ya nusu-toni, naye atauregeza. Dosari ambayo fundi wa mwaka 1979 angeilaani imekuwa shahidi mwadilifu.

Baada ya hayo sauti hugeuzwa tarakimu. Diski za CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, idadi inayozidi maradufu ya mitikisiko 20,000 ambayo ndiyo upeo wa sikio la binadamu, na wahifadhi hupima mara 96,000 kwa uangalifu zaidi, ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Milio ya mikwaruzo huondolewa kwa kompyuta kuangalia sauti iliyotangulia na iliyofuata, kisha kukisia kilichokuwa katikati, kama mshonaji atiaye kiraka cha kitambaa kilekile. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya huja pale fundi anapotamani ukimya kamili na kuuondoa mchakacho wote, kwa kuwa mchakacho na matoazi hukaa katika masafa yaleyale, na mashine haina mapenzi ya kuwatofautisha rafiki na adui. Nyimbo zilizosafishwa hivyo husikika kama zimepigwa chini ya maji. Kampuni ya EMI ilipozisafisha upya albamu za The Beatles katika studio ya Abbey Road, kazi iliyochukua takriban miaka minne hata zikatoka tarehe 9 Septemba 2009, dawa ya kuondoa kelele ilitumiwa kwa muda usiofika dakika 5 katika dakika 525 za muziki wote. Wenye uwezo wote wa fedha na mitambo walichagua kugusa kidogo kabisa, na mimi nawaona walikuwa sahihi.

Kosa la pili ni makelele. Tangu miaka ya 1990 imekuwa desturi kubana tofauti baina ya sauti ndogo na kubwa, ili wimbo usikike wenye nguvu mwanzo hadi mwisho. Katika matatu inayopanda kutoka Kiserian, madirisha wazi na upepo ukivuma, ubanaji huo una faida, maana pasipo huo upepo ungemeza kila sauti ya chini. Lakini nyumbani, palipotulia, sikio huchoka upesi, na pigo la tumba lililokusudiwa kushtua halishtui tena.

Msomaji asichanganye kusafisha na kuchanganya upya. Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, ni mfano ulio wazi: mwaka 2011 fundi Bob Ludwig alizisafisha albamu zao bila kubadili mizani ya vyombo, ilhali mwaka 2024 albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1973, ilivunjwa ikajengwa upya kutoka katika rekodi ya kila chombo peke yake, ngoma zikapewa sauti ambayo bendi iliitaka lakini haikuipata siku ya kwanza. Kazi zote mbili ni halali, ila ya pili ni kazi mpya, na mnunuzi anayo haki ya kuambiwa. Kwa bendi zetu nyingi, ambazo zilirekodiwa kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, kuvunja huko hakukuwezekana; sasa kompyuta zimeanza kuweza kutenganisha gitaa na sauti ya mtu hata katika rekodi moja, nami naomba wenye kuutumia uwezo huo waache toleo la asili karibu, lisikike.

Basi, mwenye kungoja, toleo likitoka tazama karatasi yake kabla hujatoa fedha: je, imeandikwa kama chanzo kilikuwa kanda au santuri, na majina ya wapigaji yametajwa? Lisilotaja chanzo lina jambo la kuficha. Na wewe uliye na sanduku la santuri la marehemu baba yako, Kitengela au Kajiado au kokote, zisimamishe wima, ziondoe juani, usizipanguse kwa petroli wala kwa sabuni ya unga, na usizicheze kwa sindano kuukuu. Andika majina ya wapigaji unaowakumbuka, maana karatasi za katikati mara nyingi hazikuwataja. Kisha uzipeleke kwa wanaojua, kama vile Ketebul Music jijini Nairobi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanya na kutoa upya muziki wa Kenya, ama Nyaraka za Taifa. Kanda na santuri hizi zinahitaji kuchezwa vizuri mara moja tu, na mara hiyo ifanyike sasa, wakati wapigaji waliobaki wangali hai kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa.