Majemadari na ushindi wao (3): Slim na askari wa Keya

Juma lililopita tulimwacha Jenerali William Slim mwaka 1942 akirudi nyuma zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Bama (Myanmar ya leo) hadi mpakani mwa India, Wajapani wakimwandama. Leo tunamwona akishinda, na akiugawa ushindi.

Katika Jeshi lake la 14, Wahindi walikuwa wengi kuliko Waingereza. Walikuwamo pia Wagurkha, Waafrika wa Magharibi na askari wetu wa Keya (King's African Rifles, KAR) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland.

Wajapani waliposhindwa Imphal na Kohima, upande wa India, katikati ya 1944, mvua kubwa zilikuwa zinanyesha. Slim hakungoja zikatike. Aliamuru wafuatwe, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikashushwa bonde la Kabaw, penye malaria na matope ya kumeza magari. Chakula na risasi vilidondoshwa na ndege. Mapema Desemba waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la kuvusha jeshi kuelekea Mandalay.

Parachuti za hariri zilikuwa adimu, kwa hiyo za mizigo zikashonwa Calcutta kwa juti, kitambaa cha magunia. Katika kitabu chake cha 1956, Slim anawataja waliobuni njia hiyo, na marubani wa Marekani na Uingereza waliolisha jeshi lake kutoka angani.

Lakini kusifu watu si kazi ngumu. Kila jemadari hufanya hivyo siku ya gwaride. Slim alikwenda mbali zaidi. Aliandika wazi kwamba Kohima alikosea hesabu: alitarajia adui alete rejimenti moja, ikaja divisheni nzima, na kilichomwokoa ni ushupavu wa askari wachache waliokuwapo. Sifa ya namna hiyo humgharimu anayeitoa, ndiyo maana inaaminika.

Hata hivyo, maneno ya jemadari hayakufika kwenye daftari la mishahara. Askari Mwafrika alilipwa kidogo sana kuliko Mzungu, na aliporudi nyumbani alikuta sheria zilezile za mkoloni. Mmoja wao, Waruhiu Itote, aliingia msituni Mlima Kenya akawa Jenerali China wa Mau Mau. Bama alikuwa amejifunza kupigana, na kwamba Mzungu naye hufa kwa risasi.

Juma lijalo: Wellington na Blücher, walioshinda pamoja wakatofautiana hata juu ya jina la vita.