Kasi ya Vidole na Uhai wa Mlio: Nini Humfanya Mpiga Gitaa Kuwa Bingwa?

Abiria wanaosubiri kivuko Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, aghalabu hupitisha wakati kwa mazungumzo, na redio ikipiga muziki wa dansi mabishano hayakosekani. Mmoja atasema kuwa bingwa wa gitaa ni yule ambaye vidole vyake hukimbia hata jicho likashindwa kuvifuata. Mwingine atajibu kwamba kasi si kitu; bingwa ni yule ambaye noti yake moja humgusa msikilizaji moyoni. Wapenzi wa muziki wa roki huko Ulaya na Marekani nao hubishana vivyo hivyo.

Wanaotetea kasi wana hoja yenye nguvu: kasi hupimika kwa saa. Wanaotetea hisia, wakibanwa, huishia kusema kuwa hisia ni kipaji cha kuzaliwa. Jibu hili lina madhara, kwani mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hana kipaji huliweka gitaa chini asilishike tena. Yafaa basi kuuliza: je, hisia katika muziki haipimiki kweli?

Uzi unavyotoa mlio

Kimo cha mlio wa uzi hutegemea mambo matatu: urefu wa uzi, uzito wake kwa kila sentimita, na mkazo wake. Uzi wa tano wa gitaa, ukilegezwa na kukazwa kwa kawaida inayotumika, hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukibanwa katikati, urefu unaotetema huwa nusu na mitetemo hufikia 220. Mkazo nao una kanuni yake: ili mitetemo iwe mara mbili, mkazo sharti uwe mara nne.

Mpiga gitaa aliyekwisha kubana uzi anaweza bado kuusukuma pembeni kwa kidole. Kwa kufanya hivyo huongeza mkazo, na mlio hupanda. Mkazo ukizidi kwa takriban asilimia 12, mlio hupanda kwa nusu toni. Akiusukuma na kuulegeza tena na tena, mlio hupanda na kushuka kidogo kama sauti ya mwimbaji. Vilevile, akidonoa uzi karibu na mwisho wake, mlio huwa mkali. Akidonoa kuelekea katikati, mlio huwa mwororo, kwa sababu mchanganyiko wa mitetemo midogo iliyomo ndani ya mlio hubadilika. Kupanda kwa mlio, kutikisika kwake, ukali wake na nguvu yake: hayo ndiyo mambo ambayo msikilizaji huyaita hisia. Yote hupimika.

Hesabu ya muda

Lakini kila moja ya mambo hayo huhitaji muda. Tuchukue wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, yaani mapigo mawili kwa sekunde. Mpigaji akitia noti nne katika kila pigo, atapiga noti 8 kwa sekunde, na kila noti itadumu kwa thumuni ya sekunde tu. Mtikiso wa uzi kwa kidole aghalabu huwa wa mara tano au sita kwa sekunde. Kwa hiyo mtikiso mmoja kamili huhitaji moja ya tano au moja ya sita ya sekunde, muda mrefu kuliko noti yenyewe. Noti hiyo itakuwa imekwisha kabla mtikiso wa kwanza haujakamilika.

Kasi nayo ina kikomo upande wa msikilizaji. Milio mifupi ikifuatana zaidi ya mara 20 hivi kwa sekunde, sikio huanza kuichanganya na kuisikia kama mlio mmoja unaoendelea. Ni dhahiri basi kwamba kasi na uhai wa noti hugombea muda uleule.

Umeme ulivyoongeza muda

Mgombano huo haukuwa mkubwa zamani, kwa kuwa gitaa kavu halikutoa nafasi ya kuchagua. Nguvu ya uzi wake huhamia upesi kwenye ubao na hewani, na mlio hufifia. Mpigaji hana budi kudonoa tena ili muziki usikatike. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alirekodi nyimbo zake mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi huku kidole cha pili kikifuma sauti za juu. Gitaa moja likasikika kama mawili.

Gitaa la umeme lilibadili hali hiyo. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya. Uzi wa chuma unapotetema huzalisha umeme mdogo, ambao hukuzwa na amplifaya na kupelekwa kwenye spika. Sauti ya spika ikiwa kubwa, huutikisa tena uzi uleule, na mlio hudumu kwa sekunde nyingi. Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliijua vema kanuni hii. Kuanzia mwaka 1963, yeye na baba yake walijitengenezea gitaa kwa mbao za meko ya kale na springi za pikipiki, wakalisanifu makusudi liitikie sauti ya spika. Mwaka 2007 May alipata shahada ya udaktari katika sayansi ya anga.

Noti ilipopata muda mrefu, wapigaji walipata nafasi ya kuifanyia kazi. B.B. King wa Marekani, ambaye alipiga Kinshasa mwaka 1974, alisifika kwa kupiga noti chache na kuzitikisa kwa mkono wa kushoto.

Kasi yenye hisia

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba kupiga polepole ndiyo hisia. Ushahidi uko kando ya Ziwa Viktoria lenyewe. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 katika eneo la Shirati, sehemu ambayo sasa ni Mkoa wa Mara, alijipatia sifa nchini Kenya kwa muziki wa benga hadi kifo chake mwaka 2006. Gitaa la benga huenda kwa kasi, na mcharazo wake hufuata nyayo za nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Noti zake ni fupi mno kutikiswa, ilhali wachezaji hawakai kitini.

Hisia hapa haimo ndani ya noti bali baina ya noti. Sikio la binadamu hutambua noti iliyowahi au kuchelewa kwa sehemu chache za mia za sekunde. Mpigaji wa benga huiweka kila noti mahali pake katika pigo, na huukazia mdundo mmoja kuliko mwingine. Anayekimbia bila mpango huo hutoa noti nyingi zisizo na mdundo.

Jaribio la darasani

Shule iliyo karibu na ziwa haihitaji vifaa vya gharama. Chukua ubao wa mita moja na mshipi mnene wa kuvulia. Funga mshipi kwenye msumari upande mmoja, upitishe juu ya kabari mbili za mti, kisha uning'inize dumu la plastiki lenye lita 2 za maji. Donoa, sikiliza, halafu ongeza maji yafike lita 8. Mlio utapanda karibu mara mbili.

Baada ya hapo, ondoa dumu na ufunge mshipi kwa nguvu kwenye msumari wa pili, kwa kuwa uzito unaoning'inia hauruhusu mkazo kubadilika. Sasa sukuma mshipi pembeni kwa kidole baada ya kuudonoa. Wanafunzi wapige noti tano zilezile kwa namna tatu: kwa haraka, polepole bila kutikisa, na polepole kwa kutikisa. Wajirekodi kwa simu, kisha wenzao wasikilize bila kuona na waeleze tofauti.

Mwanafunzi atakayefanya zoezi hili kila siku atagundua kwamba mtikiso wake wa juma la kwanza haukuwa sawa, na kwamba wa juma la nne umetulia. Hapo mwalimu atakuwa na jibu kwa yule anayedhani kuwa hakuzaliwa na kipaji: kasi hujengwa kwa mazoezi, na hisia hujengwa vivyo hivyo, mradi mpigaji ajifunze kuisikiliza kila noti tangu inapoanza hadi inapokwisha.